Kukata nguo za kiangazi kwa pateni ya karatasi: vya kupima kabla ya kushika mkasi

Kiangazi kikianza Kasulu na Kibondo, kuelekea mwisho wa Mei, baraza za mafundi cherehani hujaa. Mahindi na maharage yameshatoka shambani, kuna fedha kidogo mkononi, na harusi zinapangwa. Ndiyo miezi ambayo fundi anakuambia urudi Ijumaa, na Ijumaa ikifika anakuambia Jumanne. Wenye cherehani nyumbani, au wenye jirani anayeweza kuwaazima kwa saa mbili, huanza kujiuliza kwa nini wasishone wenyewe.

Kushona mstari ulionyooka mtu hujifunza kwa wiki moja. Kinachowashinda wengi ni kukata. Fundi mzoefu anakupima, anatandika kitambaa, anachora kwa chaki moja kwa moja juu yake na kukata bila karatasi yoyote, kwa sababu umbo la gauni liko kichwani mwake kwa miaka kumi au ishirini. Wewe huna miaka hiyo, lakini unaweza kupata umbo la gauni lililochorwa tayari kwenye karatasi. Karatasi hiyo mafundi wanaiita pateni.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuitumia pateni ya kununua, au ya kupakua kwa simu, bila kuharibu kitambaa. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: pateni imechorwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine, na mtu huyo hayuko Kibondo. Ukiikata kama ilivyo, utapata nguo inayomtosha yeye.

Pateni ilitoka wapi

Pateni za kuuza dukani zikiwa na namba za ukubwa zilianza mwaka 1863 huko Massachusetts, Marekani. Fundi nguo mmoja, Ebenezer Butterick, ndiye aliyeanza kuzitengeneza kwa wingi. Kabla yake vielelezo vya nguo vilikuwepo kwenye magazeti ya mitindo, lakini kwa kawaida vilitolewa kwa ukubwa mmoja tu na mshonaji alijitegemea kukuza au kupunguza. Kampuni nyingine zikafuata: McCall mwaka 1870, Simplicity mwaka 1927. Ujerumani, jarida la Burda lililoanzishwa na Aenne Burda mwaka 1950 likaanza mwaka 1952 kuweka pateni ndani ya jarida lenyewe, karatasi kubwa yenye mistari mingi iliyopishana kama ramani ya barabara za mji.

Majina hayo tunayataja kwa sababu utakutana nayo. Mara nyingine bahasha za pateni hukutwa katikati ya mitumba, na intaneti imejaa pateni za bure na za kulipia. Na kampuni hizo hazifanani katika jambo moja zito ambalo tutalifikia hapa chini, nafasi ya mshono.

Kiangazi chao na kiangazi chetu

Miezi inakutana. Majira ya joto ya Ulaya na Marekani ni Juni hadi Agosti, nasi mvua zetu hukatika Mei na kurudi Oktoba au Novemba. Lakini nguo zao za majira hayo hazikukusudiwa hali yetu. Kasulu na Kibondo ziko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai ni ya sweta. Saa sita mchana jua linachoma. Katikati kuna upepo na vumbi jekundu linaloingia hadi ndani ya sanduku.

Kwa hiyo gauni lenye kamba mbili mabegani, lililoandikwa kwa Kiingereza kwamba ni la 'summer', si lazima liwe ndilo unalolihitaji. Mabega yatachomwa na jua shambani, na kanisani au msikitini utalifunika kwa khanga siku nzima. Sisi tungechagua pateni ya gauni pana lenye mikono ya kufika kiwikoni, urefu chini ya goti, bila kubana kiunoni. Mikono mipana huingiza hewa na bado hukinga jua. Tena gauni pana ndilo rahisi zaidi kwa anayeanza, kwa kuwa kosa la nusu inchi halionekani. Dira lilienea kila mahali kwa sababu hizo hizo.

Shati la kiume lenye kola tungeliacha kwa mwaka wa pili. Kola ina vipande vinavyopaswa kulingana kabisa, na mtu anayeanza na kola huishia kuichukia cherehani.

Namba ya pateni si namba ya dukani

Ukinunua gauni la mtumba lenye namba 12 na likakukaa, usidhani kwamba pateni namba 12 itakutosha. Namba za pateni za kampuni kubwa za Marekani zilipangwa zamani na hazikufuata mabadiliko ya namba za madukani. Katika jedwali lao la kawaida la wanawake, namba 12 ni kifua inchi 34, kiuno inchi 26 na nusu, nyonga inchi 36. Namba 14 ni 36, 28, 38. Namba 16 ni 38, 30, 40. Namba 18 ni 40, 32, 42. Namba 20 ni 42, 34, 44.

Angalia vizuri tofauti ya kiuno na nyonga. Kuanzia namba 14 hadi 20 ni inchi 10 daima, na ya kifua na nyonga ni inchi 2 daima. Huyo ni mwanamke wa kwenye jedwali. Ameandaliwa pia akiwa na urefu wa futi 5 na inchi 5 au 6, yaani sentimita 165 hadi 168, na matiti ya wastani. Wanawake wengi wa kwetu watakaojipima watakuta nyonga zao ziko namba moja na kifua kiko namba nyingine. Hilo ni jambo la kawaida duniani kote, hata Marekani kwenyewe.

Jipime ukiwa na nguo nyepesi tu, na mtu mwingine akushikie tepu. Kifua pima penye unene zaidi, tepu ikiwa imelala sawa hadi mgongoni. Kiuno ni pale mwili unapojikunja ukiinama upande. Nyonga pima penye unene zaidi wa makalio, si juu yake. Kipimo cha nne wengi hukisahau, nacho ni urefu wa mgongo: kutoka kwenye mfupa uliotokeza chini ya shingo hadi kiunoni. Andika vyote kwenye daftari pamoja na tarehe.

Mfano wa kufuata kwa tepu

Tuchukue mwanamke mwenye kifua inchi 38, kiuno 33, nyonga 44, urefu wa mgongo inchi 15 na robo tatu. Ni mfupi kuliko mtu wa jedwali, futi 5 na inchi 2.

Kwa kifua yeye ni namba 16. Kwa nyonga ni namba 20. Achague ipi? Kwa gauni, blauzi na shati, chagua kwa kifua. Mabega, shingo na tundu la mkono ndivyo vigumu kurekebisha, na vinafuata kifua. Nyonga ni rahisi kuongeza. Kwa sketi na suruali chagua kwa nyonga, kisha punguza kiuno.

Pateni nyingi za sasa huwa na mistari ya namba kadhaa pamoja, kila namba na aina yake ya mstari. Mwanamke wetu atafuata mstari wa 16 kuanzia begani hadi chini ya kwapa, atateremka polepole akipita katikati ya 18 na 20 kiunoni, na kufika nyongani akiwa kwenye mstari wa 20, kisha ataendelea nao hadi chini. Mstari uteremke kwa mpindo laini bila kona.

Kama pateni ina ukubwa mmoja tu, hesabu ni hii. Nyonga yake ni 44, pateni ni ya 40, pungufu ni inchi 4. Gauni la kawaida lina mishono miwili ya ubavuni, na kila mshono una kingo mbili, ya mbele na ya nyuma. Jumla kingo 4. Gawanya inchi 4 kwa 4, kila ukingo unaongezwa inchi 1. Anayeongeza inchi 4 kila ukingo atakuwa amepanua gauni kwa inchi 16, na kitambaa alichonunua hakitatosha.

Sasa urefu. Jedwali linaipa namba 16 mgongo wa inchi 16 na robo tatu. Wake ni 15 na robo tatu, kwa hiyo pateni inazidi inchi 1. Kwenye karatasi kuna mistari miwili iliyo karibu karibu, juu ya kiuno, yenye maneno ya Kiingereza 'lengthen or shorten here', maana yake refusha au fupisha hapa. Kunja karatasi hapo inchi 1 na ubandike, mbele na nyuma vilevile. Ukifupisha kwa kukata pindo la chini tu, kiuno cha gauni kitabaki kimeshuka, na nyonga ya gauni itakaa chini ya nyonga yako. Hiyo ndiyo sababu ya nguo nyingi kuonekana za kuazima hata kama upana wake ni sahihi.

Bado kuna nafasi ya kujisogeza. Nguo ya kitambaa kisichovutika ikiwa sawasawa na mwili haivaliki, huwezi kuketi. Gauni pana la kiangazi huwa limeongezewa inchi 4 au zaidi. Kampuni hizo mara nyingi huandika kwenye karatasi kipimo cha nguo ikishamalizika, kwa maneno 'finished measurement'. Linganisha hicho na gauni lako unalolipenda. Kipimo hicho ni cha kweli kuliko picha ya kwenye bahasha, kwani yule wa kwenye picha huenda amebanwa nguo kwa pini mgongoni.

Pateni ya kwenye simu na mtego wa printa

Pateni ya kupakua huja kama faili lenye kurasa nyingi za A4. Gauni moja linaweza kuchukua kurasa 25 hadi 40. Unazipeleka stesheneri mjini, zinachapishwa, kisha unaziunganisha kwa gundi kufuata alama za pembeni hadi zipatikane karatasi kubwa. Kuna pia FreeSewing, programu huru ya bure ya kwenye intaneti, ambayo unaiingizia vipimo vyako mwenyewe nayo inachora pateni ya mwili wako. Haina Kiswahili, lakini mtoto wa sekondari anaweza kukusaidia kuijaza.

Mtego uko kwenye kuchapisha. Kompyuta nyingi, zikiachwa zijiamulie, hupunguza ukurasa ili uenee kwenye karatasi. Barua ikipungua kidogo hakuna anayejali. Pateni ikipungua umeharibikiwa. Ndiyo maana ukurasa wa kwanza wa pateni huwa na mraba wa majaribio wenye kipimo kilichoandikwa. Mwambie kijana wa stesheneri achapishe ukurasa huo peke yake kwanza, kwa asilimia 100, halafu toa tepu yako pale pale uupime. Mraba wa inchi 4 ukisoma inchi 3 na robo tatu, maana yake kila kitu kimepungua kwa zaidi ya asilimia 6, na nyonga ya inchi 40 imekuwa 37 na nusu. Usilipie kurasa nyingine mpaka mraba usome sawa.

Kama gharama ya kurasa ni kubwa, kuna njia ya kale. Tafuta gauni lako lililochoka lakini lililokukaa vizuri, lifumue mishono yote, lipige pasi, lilaze juu ya karatasi ya kaki au mfuko wa saruji uliosafishwa, na uchore kuzunguka kila kipande. Umepata pateni ambayo haihitaji kurekebishwa urefu wala nyonga. Kwa wengi wa wasikilizaji wetu tunadhani hii ndiyo ya kuanza nayo, na ya kununua ifuate ukishaelewa vipande vinavyokutana.

Kitambaa: kichome uzi, kipime upana

Kwa jua la Agosti unataka pamba. Vitenge vingi vinavyong'aa sokoni ni nyuzi za plastiki kwa sehemu au kabisa, na hushika jasho. Omba muuzaji akukatie uzi mdogo pembeni, uushike kwa kibanio juu ya mchanga na uuwashe. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha jivu laini. Polista hujikunja, huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Mchanganyiko hufanya yote mawili.

Fua kitambaa kabla ya kukikata. Pamba mpya hupungua inapolowa mara ya kwanza, na rangi iliyozidi hutoka. Kiloweke, kianike kivulini, kipige pasi. Ukikata kwanza na kufua baadaye, vipimo vyote vya hapo juu umevifanya bure.

Upana wa kitambaa unaamua ununue yadi ngapi. Nyuma ya bahasha kuna jedwali lenye upana wa inchi 45 na inchi 60. Chukua gauni la mwanamke wetu. Nyonga 44 na nafasi ya inchi 4 ni 48. Mbele ni nusu yake, 24, na ukiongeza nafasi ya mishono miwili inakaribia 25 na robo. Nyuma ni hivyo hivyo. Vikilazwa sambamba vinahitaji inchi 50 na nusu. Kitenge chenye upana wa inchi 45 hakivitoshi, kwa hiyo mbele na nyuma lazima vifuatane kwa urefu. Gauni la inchi 42 pamoja na pindo litakula yadi mbili na nusu, na mikono itaipeleka hadi yadi tatu. Kitambaa cha inchi 60 kinavilaza sambamba, na yadi mbili zinatosha.

Kuna kitu kingine ambacho jedwali la bahasha halikihesabu. Kitenge chenye ndege au maua yanayotazama juu hakikubali kipande kimoja kugeuzwa. Ukigeuza ili kubana kitambaa, mgongoni ndege watakuwa wamesimama kwa vichwa. Kwa maua ya namna hiyo ongeza nusu yadi.

Doti ya khanga

Khanga haikuwa akilini mwa waliochora pateni hizo, lakini ndiyo pamba nyepesi iliyo karibu zaidi na mikono yetu. Kila upande wa doti una takriban sentimita 150 kwa 110. Upande mmoja unatoa mbele, wa pili unatoa nyuma, na mabaki ya pembeni yanatoa mikono. Doti moja, gauni moja.

Masharti ni mawili. Kwanza urefu: sentimita 110 ni kama inchi 43, na ndani yake lazima upate bega, gauni na pindo. Mtu mrefu anayetaka gauni la kufika kwenye vifundo hawezi, isipokuwa aongeze kipande chini. Pili maandishi. Jina la khanga hukaa katikati, juu kidogo ya pindo la chini. Ukilaza pateni katikati kabisa, jina litasomeka mbele karibu na magoti, na pindo litazunguka chini likiwa limekamilika. Ukilaza kando, nusu ya jina itaingia kwenye mshono wa ubavu. Na lisome jina kabla ya kuamua upande wa kuweka mbele. Methali ya kumchokoza jirani inapita siku moja ukiwa umejifunga khanga kiunoni, lakini ikishashonwa kuwa gauni utaivaa miaka mitatu.

Maneno ya kwenye karatasi

Kila kipande cha pateni kina mshale mrefu. Mshale huo ulale sambamba na ule ukingo wa kitambaa uliofumwa kiwandani, usiochambuka. Nyuzi za upande huo havivutiki sana, ndiyo maana nguo inaning'inia wima. Pima kutoka ncha ya juu ya mshale hadi ukingo, kisha kutoka ncha ya chini, vipimo viwe sawa. Mshale ukipinda, baada ya kufua mara mbili mshono wa ubavu utajisokota kuelekea mbele. Khanga ndiyo tunayoisamehe: kingo zake za kiwandani ni zile ndefu, kwa hiyo gauni la namna tuliyoieleza linakatwa likiwa kinyume na mshale. Kwa gauni pana la kitambaa chepesi hakuna madhara makubwa.

Neno 'fold' kwenye ukingo wa kipande maana yake ukingo huo ukae juu ya mkunjo wa kitambaa, usikatwe, ili kipande kikifunguliwa kiwe kizima. Asiyelijua neno hili hukata katikati ya kifua na kujikuta na vipande viwili vya mbele. 'Cut 2' ni kata viwili. Vipembe vidogo vya pembeni ni alama za kukutanisha, kipembe kimoja kwa kimoja, viwili kwa viwili, na kwenye tundu la mkono alama mbili kwa kawaida ni za nyuma. Usivikate vikapotea.

Halafu ile nafasi ya mshono tuliyoiahidi. Simplicity, McCall na Butterick kwa kawaida wameshaiweka ndani ya pateni, sentimita 1 na nusu kila ukingo. Burda ya kwenye jarida haikuiweka, unatakiwa uiongeze mwenyewe kwa chaki. Pateni za intaneti hutofautiana moja kwa nyingine, na maelezo huwa yameandikwa ukurasa wa kwanza. Ukikata Burda bila kuongeza, gauni zima litapungua sentimita 6 kuzunguka mwili, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Ukiongeza kwenye Simplicity, litazidi kwa kiasi hicho hicho, ambalo ni kosa la kupona: kata tena.

Shuka la majaribio

Kata kwanza kwenye shuka kuukuu au pazia la mtumba. Shona mabega na ubavu tu, kwa mishono mirefu inayofumuka haraka, bila pindo wala mikono. Livae, inua mikono, keti kwenye kigoda, inama kama unayepalilia. Mikunjo inayotoka kwapani kuelekea kifuani inasema kifua kinabana. Ikitokea nyuma, chini kidogo ya shingo, mkunjo uliolala kama mto, mgongo wa gauni ni mrefu mno. Ukiona pindo la mbele limepanda kuliko la nyuma, tumbo au matiti yamekula urefu, uongeze mbele. Chora masahihisho kwa kalamu juu ya shuka, kisha yahamishie kwenye karatasi.

Hatua hii watu huiruka kwa haraka ya sikukuu. Shuka kuukuu ni bei ndogo kuliko kitenge cha yadi tatu.

Kushona kwenyewe

Kwa kitenge na pamba ya kawaida tumia sindano namba 14, kwa khanga namba 11. Jaribu mshono kwenye kipande cha ziada kilichokunjwa mara mbili: uzi wa chini ukionekana juu kama vinundu, uzi wa juu umekazwa mno. Kiangazi safisha vumbi chini ya bati la cherehani kila baada ya nguo moja au mbili na tia tone la mafuta ya cherehani, si ya kupikia, ambayo hugeuka gundi.

Mpangilio wa gauni pana ni mabega, shingo, mikono ikiwa bado bapa, halafu mshono mmoja mrefu kutoka mwisho wa mkono kupita kwapani hadi chini, na mwisho pindo. Pateni za nje humalizia shingo kwa vipande vya kufunika ndani vilivyotiwa gamu. Mafundi wetu wengi hutumia ukanda mwembamba uliokatwa mshazari, na kwa nguo ya joto tunauona ukanda huo kuwa bora, hauna tabaka la pili la kukufanya utoke jasho. Piga pasi kila mshono kabla ya kuuvusha mshono mwingine. Pasi ya mkaa inafaa kabisa, mradi uiegeshe nje kwanza upepo uondoe majivu.

Fundi bado ana nafasi yake. Unaweza kukata mwenyewe na kumlipa kushona tu, au kumpelekea kazi ya tundu za vifungo na ovaloki. Kubalianeni bei kabla, na mwonyeshe pateni. Wengi watataka kuinakili, nawe unaweza kuomba punguzo kwa hilo. Mafundi Wakongo na Warundi waliopitia kambi za Nyarugusu na Nduta wamezoesha wateja wa huku mitindo ya kitenge yenye mikono ya kupuliza na marinda ambayo haimo kwenye bahasha yoyote. Anayetaka kwenda mbele zaidi, Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kasulu na vyuo vya VETA vina mafunzo ya ushonaji, ambako mwanafunzi hujifunza kuchora pateni yake tangu mwanzo.

Pateni ikishasahihishwa inakili kwenye karatasi nzito ya manila au kaki. Andika juu yake jina la mwenyewe, tarehe, vipimo, na kama nafasi ya mshono imo au haimo. Iviringishe badala ya kuikunja, maana mikunjo hula robo inchi hapa na robo inchi pale, na ining'inize darini kwa kamba mbali na ukuta wa udongo, mchwa wasiifikie. Ya mtoto anayekua ipime upya kila Juni, ongeza urefu kwenye ile mistari miwili, na mabega yaangalie kwa makini kwani hukua kwa mkupuo.